Viatu Mlangoni mwa Kontena

Wiki iliyopita walikuja wageni kutoka Nairobi na gari lao jeupe. Wakaketi kwenye viti vya plastiki ndani ya maabara yangu mwenyewe, na yule mama mwenye miwani akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, unafikiri ni kwa nini wasichana wa huku hawavutiwi na kazi za kompyuta? Ni maumbile, ama ni malezi?"

Mimi ni mwepesi wa hasira, sikatai. Ayeeyo yangu, yaani nyanya yangu, alikuwa akisema ulimi wangu utanizalia mambo. Lakini huyu alikuwa mgeni, na alikuwa ameleta mashine, basi nikajizuia. Nikamjibu, "Mama, mimi nilivutiwa. Nilivutiwa mpaka nikafungiwa." Akacheka akidhani ni mzaha, akauliza swali lingine. Ningemweleza vipi mbele ya vijana wale aliokuja nao? Hata sasa nikiikumbuka siku ile mikono inaniloa jasho.

Nilisoma hapa hapa Garissa, katika shule ya kutwa ya wavulana na wasichana, ukingoni mwa mji. Maabara ya kompyuta ilikuwa kontena la chuma lililopakwa rangi nyeupe, limewekwa pembeni mwa uwanja karibu na ua wa miba. Juu ya paa kulikuwa na sola, ndani feni mbili zenye kulalamika, na katikati pazia zito la turubai la kuzuia vumbi lisifike kwenye mashine. Vumbi la Garissa si la mchezo. Linaingia kwenye sukari, linaingia kwenye msahafu uliofungwa kitambaa, kompyuta litaiachaje? Kwa hiyo mwalimu wa kompyuta alikuwa na amri zake: viatu nje, mlango ufungwe.

Na sisi tulikuwa na amri yetu, ambayo huku kwetu hata mtoto wa chuo cha Kurani anaijua. Msichana na mwanamume asiye wa kwao hawakai peke yao nyuma ya mlango uliofungwa. Wakikaa, wa tatu wao ni shetani, na wa nne ni mji mzima.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Mlango ukiwa wazi, mashine zinakufa. Ukifungwa, ni sisi tunaokufa. Na viatu vile vya nje! Hapa kwetu viatu vya mlangoni ni tangazo. Mtu anapita tu, hata kichwa hainui, anaangalia chini na tayari anajua nani yumo ndani na nani.

Kidato cha kwanza tulikuwa wasichana wengi tu katika somo lile. Mmoja aliambiwa na kaka yake kwamba kompyuta inakupiga picha hata ikiwa imezimwa. Mwingine akaolewa wakati wa likizo. Waliobaki walichoka kutazama visogo vya wavulana, kwa maana mashine zilikuwa chache na kengele ikilia wavulana walitoka mbio wakazikamata. Sisi na buibui zetu tungekimbiaje? Kufikia kidato cha nne nilibaki peke yangu. Kuna mvulana alinipigia kelele uwanjani, "Manze, kompyuta ni ya maboyz! Rudi ukapike anjera!" Nikamwambia anjera yenyewe hawezi kuigeuza bila kuunguza vidole. Nikacheka, lakini kicheko changu hakikufika mbali.

Mwalimu mwenyewe alikuwa kijana wa bara, Mkristo, mrefu, mwenye sauti ya kujaza darasa. Siku moja nilimsikia akimwambia mwalimu mkuu, "Hawa wasichana hawana hamu na kompyuta, bwana. Angalia, wote wametoka." Wallahi nilitamani kumrushia kipanya. Mimi je, nilikuwa nini? Pazia?

Mtihani wetu wa mwisho ulikuwa na mradi ambao kila mmoja alipaswa kuutengeneza mwenyewe kwenye mashine. Mimi nilichagua mifugo. Baba yangu, ambaye tunamwita aabo, ni dalali katika soko la mifugo, na nilitaka kutengeneza mfumo mdogo wa kutunza habari za ngamia: rangi yake, umri wake, alama yake ya moto, na mwenyewe ni nani. Mradi haumaliziki ndani ya vipindi vya darasani. Wavulana walirudi kontenani jioni baada ya masomo, wakakaa mpaka jua litue. Mimi ilinibidi niombe ruhusa nyumbani.

Aabo alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitia hofu, kwa sababu aabo akipiga kelele ujue mambo ni madogo. "Enda," akasema. "Lakini nikisikia neno kule sokoni, neno moja tu, kompyuta imekwisha na shule imekwisha. Utakwenda Takaba kwa abti yako, na huko wa kukuoa hatakosekana." Abti ni mjomba, kaka ya hooyo wangu, mama yangu. Nilijua aabo hasemi kitu asichoweza kukitenda. Nilijua pia kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na kwamba huku kwetu neno likishatoka halina haja ya kuwa kweli.

Ayeeyo ndiye aliyeniokoa. Alijifunga shali yake, akabeba tasbihi na birika lake la chai, akaja kuketi kontenani kila jioni, kwenye kiti, hapo hapo mlangoni. Mwalimu alijaribu kumweleza habari za vumbi. Ayeeyo akamwambia kwa Kiswahili chake, "Wewe maalim, fumbi nakula mimi. Kombyuta yako iko sawa." Mlango ukabaki wazi na yeye akaketi katikati yake na shali yake pana, akauziba kuliko turubai. Alikuwa akinichungulia na kuniuliza mbona hii televisheni yangu haina habari. Wakati ule sikuogopa kitu.

Kisha ikaja siku ya mwisho. Miradi ilikuwa ichukuliwe kesho yake asubuhi, na asiyemaliza alikuwa amejifuta mwenyewe katika somo lile. Wangu ulibaki kidogo tu. Asubuhi ile zikaja habari kwamba dada ya ayeeyo, anayeishi kambi ya wakimbizi ya Ifo, amezidiwa, na ayeeyo akapanda gari la kwanza. Hooyo alikuwa na mtoto mchanga, arobaini yake bado, hawezi kutoka. Nilimwomba msichana wa jirani anisindikize, mama yake akakataa. Nikasema basi, nitakwenda niangalie. Nikikuta viatu vingi vya wavulana nitaingia, nitamaliza, nitatoka.

Nikafika mlangoni, hakuna kiatu hata kimoja. Wavulana walikuwa wamemaliza miradi yao na walikuwa wakicheza mpira upande wa pili wa uwanja. Mlango ulikuwa wazi, umeegemezwa jiwe. Nikafurahi, nikasema alhamdulillahi, hakuna mtu, nina kontena lote. Lakini nikaangalia ndara zangu pale chini. Ndara za msichana, peke yake. Mtu akipita ataanza kujiuliza, na akijiuliza ataingia. Nikaziokota nikazitia kwenye mkoba wa vitabu. Nikaingia, nikafunua turubai.

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye mashine ya mwisho. Alishtuka kunishinda mimi. Viatu vyake vyeusi vilikuwa chini ya kiti, vimepangwa vizuri.

"Bibi yako yuko wapi?" akaniuliza.

"Amesafiri, mwalimu. Ifo."

Alisimama papo hapo. "Basi wewe fanya kazi yako. Mimi natoka. Mlango uache wazi hivyo hivyo." Akainama kuchukua viatu. Hilo naliapia, kwa sababu baadaye mtu anaweza kusema lolote.

Hapo ndipo upepo ulipokuja. Ulilipiga lile kontena ubavuni likatoa mngurumo, na vumbi jekundu likapita chini ya turubai likatujia. Mwalimu akaviacha viatu, akarukia vitambaa vya kufunikia mashine. Mimi nikashika upande wangu. Tulikuwa tukifunika haraka haraka, bila kusemezana, wakati tuliposikia sauti mlangoni.

"Nani iko ndani? Iko mutu?"

Alikuwa mlinzi wa shule, mzee mmoja wa upande wa Wajir ambaye kwao wanasema Kiborana, kwa hiyo sisi sote tulizungumza naye Kiswahili. Alikuwa mfugaji maisha yake yote kabla ya kuja mjini, na upepo ukija alifunga kila kitu, kama mtu anayefunga zizi.

Jibu lilikuwa rahisi. Tupo, mzee, subiri. Mwalimu alifungua mdomo, na mimi nilimwona. Kisha akanitazama, akaufunga. Mimi mkono wangu ulikuwa tayari uko mdomoni. Sauti ya msichana itoke nyuma ya pazia, kisha atoke na nani? Mlinzi akasubiri kidogo. Nadhani aliangalia chini, pale mlangoni, kama watu wote wanavyoangalia, na hakuona kiatu. Akasukuma jiwe, akavuta mlango. Nikasikia komeo, nikasikia kufuli. Kisha akazima swichi kubwa ya nje, kama alivyozoea, na feni zikasimama.

Giza halikuwa kamili. Kulikuwa na vitundu vya hewa juu, na mwanga mwembamba uliojaa vumbi. Lakini chuma kile kilikuwa kimepigwa na jua tangu asubuhi, na bila feni joto lilitupanda mara moja. Mwalimu alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa mwisho. Mimi nikarudi mpaka mlangoni. Tukawa tumeachana kadiri kontena lilivyoturuhusu.

"Piga kelele," akanong'ona. Yule mwenye sauti ya kujaza darasa, ananong'ona! "Wewe ukipiga kelele atarudi."

"Watakuja na wale wa mpira," nikasema. "Wote."

Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia. "Mimi ni mgeni hapa. Wenzangu wa bara wameshaondoka wengi, wameogopa barabara, wameogopa usiku. Mimi sikuogopa hivyo. Kila siku niliogopa mlango huu. Unafikiri nilifurahi nyinyi mlipotoka kwenye somo? Ndiyo. Nilifurahi. Kila msichana aliyetoka nililala vizuri." Alikuwa akilia bila sauti. "Na viatu nimevificha ili msichana asijue niko ndani, asije akaingia kuniuliza kazi."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini sikuwahi kufikiri kamba yake na yangu ni moja. Nilikuwa nimemchukia mtu yule miaka yote nikidhani anatudharau. Kumbe anatuogopa. Wala kujua hivyo hakukunipunguzia hofu, kuliniongezea.

Alikuwa na simu. Akasema atampigia mwalimu mkuu, nikamkatalia. Mwalimu mkuu atakuja na naibu wake, naibu atakuja na karani, na karani ana dada sokoni. Akaniuliza, basi nani? Ayeeyo hakuwa na simu. Hooyo alitumia ya aabo. Nambari pekee niliyoijua kwa moyo ilikuwa hiyo ya aabo, aliyokuwa akiwatajia wateja kila siku kwa sauti kubwa mbele ya mlango wetu.

Nilikaa na simu ile mkononi. Niliona Takaba. Niliona nyumba ya abti, na vyombo, na mtu nisiyemjua akija kuketi na wazee. Jasho lilinitiririka ndani ya hijabu, kichwa kikaanza kuniuma, na bado nilifikiri, afadhali nizimie hapa. Hivyo ndivyo nilivyoogopa. Lakini mficha uchi hazai. Nikapiga.

"Aabo, nimefungiwa kontenani."

"Na nani?"

Nilitafuta uongo, sikuupata. "Na mwalimu. Ayeeyo hakuwepo. Aabo, wallahi, mlinzi ndiye aliyefunga, hakujua..."

Nyuma yake nilisikia ngamia na watu wa mnada. Kisha akasema, "Usiongee tena," akakata.

Soko la mifugo haliko mbali na shule ile, lakini muda ule sitaki kuusimulia. Nilikuwa nikisikiliza kila hatua ya nje. Nilijiuliza anakuja peke yake au na adeer zangu, ndugu zake. Nilijiuliza kama amebeba fimbo tu. Mwalimu aliketi sakafuni ameinua magoti, anaomba kwa lugha ya kwao. Mimi nilisoma sura niliyoijua, nikakosea, nikaanza upya, nikakosea.

Kisha nikasikia sauti ya aabo nje, kubwa, ile sauti yake ya sokoni.

"Wewe mzee! Mbona unafunga mlango na watu wako ndani? Mimi nimekaa hapa na msichana wangu na maalim wake. Nimetoka kutawadha tu, narudi nakuta kufuli!"

"Haji, mimi hakuna kuona kiatu!"

"Kiatu changu si nimevaa? Nitakwenda kutawadha peku?"

Nikasikia sauti za wavulana pia, walikuwa wameacha mpira na kusogea. Kufuli likafunguka. Mwanga ukatupiga machoni, na katika mwanga ule aabo akasimama, peke yake, na fimbo yake ya soko. Nyuma yake wavulana wakirefusha shingo. Hakunitazama mimi. Alivua makubadhi yake akayaweka mlangoni, katikati kabisa. Akamwambia mwalimu, "Viatu vyako viko wapi?" Mwalimu akavitoa chini ya kiti. "Weka hapa." Kisha akaninyooshea mkono, nikazitoa ndara zangu kwenye mkoba kama mwizi. Akazipanga yeye mwenyewe kando ya vile vingine. "Mtu anaficha kiatu," akasema polepole kwa Kisomali, "ameiba nini?"

Akamwamuru mlinzi arudishe umeme. Akaketi kwenye kiti cha ayeeyo, mlango ukiwa wazi na vumbi likiingia. "Maliza," akaniambia.

Nilimaliza. Herufi nilikuwa nikizikosea, nafuta, naandika tena. Niligeuka mara moja tu kumtazama, nikaona fimbo yake inagonga sakafuni taratibu, na yeye hakuwa anaigonga. Ulikuwa mkono wake unaotetemeka. Sikugeuka tena.

Njiani kurudi nyumbani alitembea mbele yangu. Tulipofika karibu na nyumba akasimama. "Kule sokoni nikisema ngamia huyu ana miaka sita," akasema, "hakuna mtu anayemfungua mdomo kutazama meno. Wananunua neno langu. Leo nimelisema neno la uongo mbele ya watoto wa watu. Ninalo hilo moja tu. La pili sina." Kisha akasema, "Mtihani utaufanya. Takaba huendi. Lakini kompyuta nyingine uitafute mahali ambapo sitaitwa mbio."

Mwalimu hakurudi baada ya likizo. Aliomba uhamisho, na kwa mtu wa bara hakuna aliyeuliza sababu. Hakukuletwa mwingine, somo likafutwa, kontena likafungwa. Kwenye mkutano wa wazazi mwalimu mkuu alieleza kwamba somo lile lilikosa wanafunzi, hasa wasichana, kwa kuwa hawakuvutiwa nalo. Aabo alikuwa ameketi pale. Aliporudi alinisimulia, akatikisa kichwa, akaomba chai.

Mimi niliitafuta kompyuta mahali pengine, kwenye chuo cha wanawake watupu, na nilipohitimu nikarudi kuomba ufunguo wa kontena lile lile. Sasa nawafundisha wasichana humo jioni. Mlango huwa wazi. Mashine zinakufa kwa vumbi, nazipuliza, nazifuta, zinakufa tena, na wageni wananiandikia kwamba sijui kutunza vifaa. Waandike. Amri yangu kwa wasichana ni moja: viatu nje, mahali pa kuonekana, kila mtu na vyake.

Siku ile ya wageni, yule mama mwenye miwani alipotangulia kwenye gari, kijana mmoja wa kwao alibaki nyuma ndani ya kontena akikagua nyaya. Mimi nilikuwa langoni nikiwaaga. Naye akatoka, gari likaondoka, nikarudi kufunga. Mlangoni hapakuwa na kiatu. Nikashika kufuli mkononi, nikaita, "Kuna mtu?" Kimya. Nikaita tena kwa Kisomali. Kimya.

Yule mlinzi wa siku ile angefunga. Mimi huwa naingia. Nikafunua turubai, nikamkuta mwanafunzi wangu wa kidato cha pili ameketi mbele ya mashine iliyozimwa, ndara zake zimo mapajani, mkono umeziba mdomo. Kijana yule alipobaki, msichana alikuwa tayari yumo nyuma ya turubai na ndara zake, akaogopa kutoka mbele yake.

Nilitaka kumgombeza, badala yake nikachuchumaa mbele yake. "Niliita," nikamwambia. "Niliita mara mbili."

"Nilisikia, mwalimu," akasema.